Hiki, Hicho na Kile: Aina za Vifaa na Ufundishaji wa Sarufi ya Kiswahili kwa Uhalisia Ulioongezewa nchini Uganda

Ikisiri

Uhalisia ulioongezewa ni teknolojia inayoweka umbo la kidijitali ndani ya mazingira halisi ayaonayo mtumiaji. Makala haya yanaeleza jinsi uwezo wa kupima mahali unavyotofautiana baina ya kifaa na kifaa, na jinsi tofauti hiyo inavyoamua ni sehemu gani ya sarufi ya Kiswahili inaweza kufundishwa kwa kila kimoja. Mifano imetolewa katika viashiria, virejeshi vya mahali na upatanisho wa kisarufi kama vinavyowakabili wanafunzi wa sekondari nchini Uganda. Inadaiwa kwamba, kwa somo la Kiswahili, kadi za karatasi na projekta hutoa huduma ambayo miwani ya bei ghali haiitoi.

1.0 Utangulizi

Marekebisho ya Katiba ya Uganda ya mwaka 2005 yalikitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza mwaka 2020, ulikifanya kuwa somo la lazima katika miaka miwili ya kwanza, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha hatua zaidi za kukieneza. Maamuzi hayo yalitangulia walimu. Shule nyingi zina mwalimu mmoja wa Kiswahili au hazina kabisa, na katika pengo hilo teknolojia huingia kama ahadi.

Mojawapo ya ahadi hizo ni uhalisia ulioongezewa. Katika maonyesho ya bidhaa za elimu, mwanafunzi huelekeza simu mezani, tembo akatokea juu ya meza akitikisa masikio, na neno “tembo” likaelea juu ya mgongo wake. Watazamaji hufurahi, na wana haki ya kufurahi. Mjadala unaofuata kwa kawaida huhusu bei ya kifaa na idadi ya wanafunzi watakaokishiriki. Ni nadra kuulizwa mwanafunzi ametunga sentensi gani. Mara nyingi hajatunga yoyote: amepata nomino moja, ambayo angeipata pia kwenye picha iliyochapwa ukutani.

Hoja ya makala haya ni kwamba swali la kifaa na swali la sarufi ni swali moja. Teknolojia hii ina jambo moja inalolifanya kuliko picha na video, nalo ni kujua kitu kiko wapi. Kiswahili nacho ni lugha inayodai msemaji ajue kitu kiko wapi kabla hajafungua kinywa: karibu naye, karibu na mwenzake, mbali na wote, juu ya uso wa kitu au ndani yake. Lakini vifaa havijui mahali kwa kiwango kimoja.

2.0 Jina na dhana

Istilahi ya dhana hii haijatulia. Baadhi ya programu zilizotafsiriwa hutumia “uhalisia ulioboreshwa”, jina ambalo tayari linatoa hukumu kwamba uhalisia huo umekuwa bora. Wengine husema “uhalisia ulioongezwa”. Hapa imechaguliwa “ulioongezewa”, kwa kuwa kauli ya kutendewa inabainisha kwamba uhalisia ndio uliopokea nyongeza na wenyewe umebaki palepale. Wanafasihi watakumbuka pia kwamba “uhalisia” ni jina la mkondo wa uandishi wenye historia yake, na huenda “uhalisi” lingefaa zaidi. Ila matumizi ya watu yameshaelekea upande mwingine, na si busara kushindana nayo kwa sababu ya irabu moja.

Kihistoria, kifaa cha kwanza cha kuvaliwa kichwani kilichoonyesha michoro ya kompyuta juu ya mazingira halisi kilitengenezwa na Ivan Sutherland na kuelezwa mwaka 1968. Jina la Kiingereza la teknolojia hii lilitoka katika kampuni ya Boeing mwanzoni mwa miaka ya 1990, ambako Tom Caudell na David Mizell walitafuta njia ya kuwaelekeza mafundi waliokuwa wakipanga nyaya za ndege. Mwaka 1997 Ronald Azuma alitoa fasili inayotumika hadi leo: mfumo uchanganye vitu halisi na vya kubuni, uitikie papo hapo, na umbo la kubuni likae mahali pake katika nafasi ya pande tatu. Sharti hili la tatu ndilo linalobeba makala haya. Picha ya tembo iliyobandikwa juu ya picha ya kamera, ikifuata kioo cha simu popote kigeukapo, haijatimiza fasili hiyo. Tembo anapaswa kubaki mezani simu inapoondoka, na kuonekana mgongo mwanafunzi anapozunguka nyuma yake.

3.0 Kifaa kinajua nini kuhusu mahali

Njia kongwe na rahisi ni ya kadi yenye alama. Mwaka 1999 Hirokazu Kato alitengeneza ARToolKit, programu inayotafuta mraba mweusi katika picha ya kamera. Pembe nne za mraba huo, ukubwa wake halisi ukijulikana, huiwezesha kompyuta kukokotoa kadi iko umbali gani na imeinama vipi. Hesabu hiyo haihitaji kihisi chochote zaidi ya kamera. Kwa hiyo hufanya kazi katika simujanja za bei ya chini, katika kishikwambi cha zamani, na hata katika kompyuta ya mezani yenye kamera ndogo ya kuchomeka. Leo inaweza kuendeshwa ndani ya kivinjari, na ukurasa ukishahifadhiwa katika kifaa, intaneti haihitajiki tena.

Njia ya pili haihitaji kadi. Mwaka 2017 kampuni ya Apple ilitoa ARKit, na mwaka 2018 Google ikatoa toleo la kwanza kamili la ARCore. Mifumo hii hutafuta katika picha madoa na pembe zinazotambulika, ikafuatilia jinsi zinavyosogea, na kulinganisha mwendo huo na taarifa za vihisi vya simu, hasa jairoskopu, inayopima mzunguko. Kwa njia hiyo simu hutambua sakafu na meza. Lakini simu nyingi za bei nafuu zinazouzwa katika kanda hii hazina jairoskopu, na ARCore hufanya kazi tu katika simu zilizothibitishwa na Google. Mpango unaosema “simujanja” bila kufafanua umeshawaacha nje sehemu ya walimu.

Kuna jambo jingine dogo ambalo halionekani katika maonyesho ya mjini. Njia hii ya pili hushindwa palipo na mwanga hafifu au uso usio na madoa. Ukuta uliopakwa chokaa na sakafu ya saruji iliyong’arishwa, yaani darasa la kawaida, ni mazingira mabaya kwake; umbo huteleza na kuhama. Gazeti kuukuu likitandikwa mezani hutoa pembe na herufi za kutosha, na tembo akatulia.

Udhaifu mkubwa zaidi kwa mwalimu wa lugha ni kufichana kwa vitu. Simu isiyopima kina huchora umbo la kubuni juu ya picha nzima, hivyo umbo huonekana daima mbele ya kila kitu halisi. Mwalimu akiandaa sentensi “Paka yuko nyuma ya kiti,” paka huchorwa mbele ya kiti. Macho ya mwanafunzi yanaikanusha sentensi anayofundishwa. Marekebisho yapo: ARCore iliongezewa upimaji wa kina mwaka 2020, na mwaka huohuo iPad Pro ikapewa kihisi cha leza, lakini vifaa hivyo viko mbali na bajeti ya shule ya wilayani. Kwa bahati nzuri, kadi ina mbinu ya kukwepa tatizo hili. Alama hubandikwa kwenye boksi la katoni lenye vipimo vinavyojulikana, la sabuni kwa mfano, na programu huchora juu yake umbo lisiloonekana lenye vipimo vilevile, ambalo kazi yake ni kuficha kilicho nyuma. Paka huingia nyuma ya boksi na kutoweka ipasavyo. Programu hiyohiyo ikitoboa dirisha la kubuni katika ubavu wa boksi, paka huonekana akiwa ndani. Hapo “yupo mezani” na “yumo bokseni” ni hali mbili zinazoonekana, na mwanafunzi ana sababu ya kuchagua kati ya -po na -mo badala ya kukariri orodha.

Miwani ya kuvaa kichwani, kama HoloLens ya Microsoft, hupima chumba chote, huona mikono ya mvaaji na kuiacha huru. Kwa upimaji wa mahali hakuna kinachoikaribia. Hata hivyo, HoloLens 2 iliuzwa kwa dola 3,500 ilipoingia sokoni mwaka 2019, na mwaka 2024 uzalishaji wake ukasitishwa. Vision Pro ya Apple ilianza kuuzwa mwaka huohuo kwa dola 3,499. Tuache bei kando: mvaaji ndiye peke yake aonaye. Mwenzake aliyeketi mbele yake anaona mtu anayeinyooshea kidole hewa tupu, na katika somo la lugha upungufu huo ni mzito kuliko gharama, kwa sababu utakaofuata utaonyesha kwamba viashiria vya Kiswahili vinahitaji watu wawili.

4.0 Msikilizaji aliyepotea

Mwanafunzi wa Kiswahili hufundishwa kwamba “hiki” ni cha karibu na msemaji, “kile” ni cha mbali na wote wawili, na “hicho” ni cha karibu na msikilizaji au kilichokwisha kutajwa. Mfumo huu wa sehemu tatu haumshangazi mwanafunzi anayezungumza Kiganda, kwa maana nyumbani kwao husema “kino”, “ekyo” na “kiri” kwa mpangilio unaokaribiana sana. Anao tayari. Anachohitaji ni kuhamisha.

Programu ya simu hupima umbali mmoja tu, kutoka kwenye kamera hadi kwenye umbo. Kwa kipimo hicho inaweza kutofautisha karibu na mbali, na si zaidi. Mtengenezaji huweka mpaka, tuseme urefu wa mkono. Ndani yake programu hukubali “hiki”, nje yake hukubali “kile”. “Hicho” hakina pa kuingia, kwa kuwa kifaa hakijui kama kuna msikilizaji. Matokeo yake ni mfumo wa sehemu mbili, ambao ni mfumo wa Kiingereza. Mwanafunzi mwenye viashiria vitatu katika lugha ya mama, anayejifunza lugha yenye viashiria vitatu, anapitishwa katika kifaa chenye viwili. Hakuna aliyekusudia hivyo. Kipimo cha kamera ndicho kilichoamua, na mwalimu asipokuwa macho atakuta “hicho” kimekuwa kisawe cha “kile”.

Suluhisho la bei ndogo linatokana na kadi. Mwanafunzi mmoja huning’iniza kadi kifuani, na kadi nyingine hukaa mezani ikiwa na umbo la kikombe. Kamera moja ikiziona kadi zote mbili, programu hukokotoa umbali baina yake, yaani umbali kutoka kikombe hadi kwa msikilizaji. Kikombe kikisogezwa kwake, jibu linalokubaliwa hubadilika kutoka “hiki” hadi “hicho”. Kikipelekwa dirishani, huwa “kile”. Wanafunzi husogeza, husema, hukosoana. Lipo sharti la kuzingatiwa: kitovu cha kipimo ni simu, kwa hiyo mwenye simu ndiye awe msemaji. Katika vikundi vya watu watano au sita ni kawaida mmoja kushika na mwingine kusema, na hapo programu itaanza kumkosoa aliyesema kweli.

Lipo pia tatizo la kidole. Kiashiria huandamana na ishara ya mkono, na mtoto anaposema “hiki” hugusa. Kidole kikifunika ukingo wa mraba mweusi, alama za aina ya kale hazisomeki tena na umbo hutoweka wakati uleule neno linapotamkwa. Kadi ziwe na pambizo pana, au mpini wa kijiti, ili pawepo mahali pa kugusa.

Kompyuta ya mezani, ambayo ndiyo inayopatikana katika maabara nyingi za shule, huleta suala la kulia na kushoto. Programu zikiigeuza picha kama kioo, mkono wa mwanafunzi huonekana upande anaoutarajia lakini maandishi ya kadi husomeka kinyume. Zisipoigeuza, maandishi hunyooka na mkono hukimbilia upande wa pili. Vyovyote iwavyo, sentensi “Kikombe kiko kulia” haina jibu mpaka iulizwe ni kulia kwa nani. Mwalimu hodari atalitumia suala hilo kufundisha “kulia kwangu” na “kulia kwako”. Asiyetahadharishwa ataona kompyuta imeharibika.

Kwa msikilizaji aliyepotea, kifaa kinachomrudisha kikamilifu ni projekta. Katika Chuo Kikuu cha California, Davis, Oliver Kreylos na wenzake walitengeneza sanduku la mchanga ambalo juu yake hutundikwa kamera ya kina na projekta. Kamera hupima mwinuko wa mchanga, na projekta huumulikia rangi na mistari ya kontua inayobadilika mchanga unaposogezwa: kilima huwa cheupe, bonde hugeuka ziwa. Lilibuniwa kwa ajili ya jiografia na jiolojia, na programu yake ni huria. Kwa mwalimu wa Kiswahili, thamani yake ni kwamba hakuna anayeshika wala kuvaa kitu. Wanafunzi kumi wanaozunguka sanduku wanaona mlima uleule, kila mmoja akiwa upande wake, hivyo “hapa” ya mmoja ni “hapo” ya mwingine na “pale” ya wa tatu, kwa wakati mmoja na bila zoezi kutungwa. Mazungumzo ya “chimba hapo”, “maji yameshuka huku”, “pandisha kilima kile” hutokea kwa sababu kazi inayadai. Gharama ipo: umeme wa uhakika, chumba chenye giza kiasi, kompyuta yenye kadi nzuri ya michoro, na kamera ya kina, ambayo kwa muda mrefu ilikuwa Kinect hadi uzalishaji wake wa awali ulipokoma mwaka 2017. Seti moja kwa shule ni nzito, bali kwa kituo cha walimu au chuo cha ualimu si ndoto.

5.0 Neno linaloelea

Turudi kwa tembo na jina lake. Programu nyingi za aina hii zimejengwa kwa lugha nyingine, kisha lebo zikatafsiriwa. Kwa Kiingereza, nomino juu ya kitu ni mwanzo wa kutosha, kwani kivumishi na kitenzi havitaibadilikia sana. Kwa Kiswahili, nomino bila upatanisho ni nusu ya taarifa, na wakati mwingine ni chini ya nusu. Neno “nguo” halisemi kama ni moja au ni tano. Linasema pale tu zinapofanya jambo: nguo imeanguka, nguo zimeanguka. Katika kamera hilo ni jambo jepesi. Shati moja la kubuni huanguka kutoka kitini, kisha mashati matatu yakaanguka, nomino ikabaki “nguo” na kiambishi ndicho kikabadilika mbele ya macho ya mwanafunzi. Picha iliyochapwa haiwezi kuonyesha “imeanguka” ikigeuka “zimeanguka”.

Wanyama, wanaopendwa mno na watengenezaji, wana somo lao. Katika Kiganda mbwa huchukua upatanisho wa ngeli ya nomino yake: “embwa efudde”. Kiswahili sanifu huwapandisha wanyama katika upatanisho wa viumbe hai: mbwa amekufa, kifaru amelala, vifaru wamelala. Mzungumzaji wa Kiganda huelekea kusema “mbwa imekufa”, na kosa hilo hudumu miaka. Mzungumzaji wa Kiacholi, ambaye lugha yake haina mfumo wa ngeli, hukosea kwa namna nyingine, kwa kuwa kwake upatanisho wenyewe ni mgeni. Tembo anayetikisa masikio angeweza kuwahudumia wote wawili iwapo chini yake pangekuwa na kitenzi. Kwa sasa ana lebo tu.

Sababu ni ya kiufundi, na inarekebishika. Umbo huhifadhiwa na jina moja, na sentensi huundwa kwa kuunganisha vipande: idadi, sifa, jina. Mashine iliyoagizwa hivyo itatoa “2 kubwa mti” bila haya. Kila umbo lingehifadhiwa pamoja na umbo la umoja, la wingi, ngeli, na alama ya uhai, programu ingeweza kutoa “miti miwili mikubwa” na “tembo wawili wakubwa” kwa kanuni chache. Hiyo ni kazi ya wanaisimu. Mhandisi hawezi kuifanya peke yake, na haina haja ya kurudiwa Kampala, Kigali, Bujumbura na Bukavu. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ingefaa kuwa mwenyeji wa hazina moja ya maumbo yaliyowekewa taarifa hizo, yakihifadhiwa katika umbizo huria la glTF, ambalo tangu mwaka 2022 ni kiwango cha kimataifa cha ISO.

Umbizo huria linasisitizwa kwa sababu ya yaliyokwisha kutokea. Google ilifunga Expeditions, programu ya safari za kidijitali za shule, mwezi Juni 2021, pamoja na Poly, hazina yake ya maumbo ya pande tatu. Walimu waliokuwa wamejenga masomo juu ya huduma hizo walibaki na viungo visivyofunguka.

6.0 Masharti ya zabuni

Shule nyingi za kanda hii haziwaruhusu wanafunzi kuwa na simu. Hivyo, mpango wowote unaozungumzia simu za wanafunzi ama unasubiri sera ibadilike, ama kwa kweli unazungumzia simu ya mwalimu. Simu hiyo ni mali yake binafsi. Ameinunua kwa mshahara wake, kioo chake huenda kina ufa, ina picha za watoto wake na ujumbe wa fedha, na kuipitisha mikononi mwa wanafunzi sitini ni kumtaka achangie shule kwa namna isiyoandikwa popote. Kishikwambi kimoja cha darasa chenye stendi, pamoja na kadi zilizochapwa, kingemwondolea mzigo huo kwa gharama ndogo kuliko ya miwani moja.

Vipimo vya zabuni kwa kawaida hutaja kumbukumbu, betri na ukubwa wa skrini. Kwa somo la Kiswahili vingeweza kuanza na tungo. Mzabuni aombwe kuonyesha, katika darasa lenye ukuta mweupe na bila intaneti, tungo nne: “Paka yuko nyuma ya kiti”, paka asionekane, “Kalamu imo bokseni”, kalamu ionekane ndani, “Nguo zimeanguka”, programu ikatae “imeanguka”, na “Nipe hicho kikombe”, kikombe kikiwa mbele ya mwanafunzi wa pili. Jaribio hilo halichukui nusu saa. Likifanywa mbele ya mwalimu wa Kiswahili, na si mbele ya afisa wa ununuzi peke yake, kifaa kitakachobaki mezani huenda kisiwe kile kilichopendeza zaidi katika maonyesho.